Mwaka Mwanzi Ulipochanua

Jumapili, 10 Machi

Leo baada ya misa Katekista Paulinus ametangaza kwamba Jumapili ya Mavuno, mwezi wa nane, jumuiya ndogo ndogo za parokia zitashindana kwa chemsha bongo. Mada ya mwaka huu ni nyasi, mimea na miti. Jumuiya yetu imenichagua mimi na Cindy wa saluni. Cindy ni kwa sababu hana haya. Mimi, kwa maneno ya mwenyekiti mbele ya kanisa zima, "Nerima anapenda kuongea, basi aongee mahali kuna faida." Nimekasirika mpaka saa hii.

Paulinus anataka kila mshindani aandike kila anapopata nafasi: umeona mmea gani, umejifunza nini. Basi ninaanza. Mimi ni Nerima, fundi wa nguo soko la Adungosi, Mmarachi niliyeolewa na Mteso. Leo nimeona nyasi. Nani hajaona nyasi?

Jumanne, 12 Machi

Mvua ya maana. Tumepanda mahindi mpaka mgongo ukalia.

Jumamosi, 16 Machi

Kipindi cha kwanza. Paulinus ametuketisha sakristia, akafungua kitabu chake cha mimea kilichopoteza jalada zamani, akasema bila hata kukohoa: mgomba si mti.

Nikamwambia, "Katekista, rudia."

"Mgomba si mti. Hauna ubao ndani. Lile shina unaloliona ni majani yamekumbatiana tu. Ni mmea kama mchicha, ila huu umejaliwa kimo."

Cindy akasimama. "Wacha, Katekista! Hiyo kitu iliangukia choo yangu ikavunja mabati, leo unaniambia ni mchicha?"

Kabla hajakaa, Paulinus akaongeza kwamba mwanzi nao si mti. Ni nyasi. Ni wa ukoo mmoja na wimbi, mtama, mpunga, miwa na mahindi. Nilihisi kama mtu aliyeambiwa ukubwani kwamba baba yake si baba yake. Nimekula ugali tangu niote meno, kumbe nakula mbegu za nyasi!

Nimefika nyumbani nikamweleza mume wangu, Elungat. Alichukua panga, akaenda kwa mgomba mmoja uliokwisha kuzaa, akaukata na kuuchambua ganda kwa ganda mpaka katikati. Ubao hakuuona. Alikaa pale muda akitazama maganda, na chakula chake kikapoa.

Jumapili, 17 Machi

Habari ya mwanzi nimempelekea mama mkwe. Jina lake ni Apeduno, lakini sisi wote humwita Toto, maana kwa Kiteso ndivyo mama anavyoitwa. Mwaka nilipoolewa nilikuwa nacheka nikimwita bibi mzima toto. Siku hizi sicheki, kwa sababu nimemjua. Huyu mama hajasifu mboga yangu hata siku moja. Anachokagua ni ufagio. "Mwanamke anajulikana na kiwanja yake," ndilo neno aliloniambia siku ya kwanza, na mpaka leo akipita kwangu macho huanzia chini. Chini ya mianzi ndiko anakotazama zaidi, kwa sababu ya nyoka.

Na mianzi yote ya ukoo huu ni yake. Aliletwa hapa bi harusi kutoka upande wa Uganda, kule karibu na Tororo, akiwa amebeba chipukizi lililong'olewa kwenye kichaka cha mama yake. Lilishika. Tangu hapo kila mtoto wake anayeanzisha boma hung'olewa chipukizi moja na kupewa pamoja na baraka. Sisi tuna letu karibu na zizi. Shemeji yangu Ojakol ana lake. Wifi yangu Aguti, aliyeolewa na mvuvi, alilibeba mpaka Sio Port.

Nikamwambia, "Toto, wanasema mwanzi ni nyasi."

Alinitazama kama aliyeona sufuria imeungua. "Nyasi gani inajenga ghala? Nyasi gani inazaa ngazi? Huyo Paulinus apunguze kufunga, njaa imemwingia kichwa."

Alhamisi, 21 Machi

Haki ya Mungu, sijui nianzie wapi.

Asubuhi nimeenda zizini kumfungulia ndama. Nikainua macho. Mwanzi wetu umetoa maua! Si maua ya kupendeza. Ni vishada vya rangi ya makapi, vimejaa kwenye kila kiungo, na majani mengi yamepukutika. Niliacha kamba ya ndama ikaniponyoka. Miaka yote niliyokaa hapa sijaona mwanzi ukichanua, wala kwetu Butula sijasikia.

Nimemwita Toto. Alikuja na fimbo yake, akasimama, akatazama juu mpaka nikaogopa shingo itamuuma.

"Hata kwangu iko hivi tangu juzi," alisema. "Nilinyamaza. Tangu nizaliwe sijaona."

Toto hajawahi kukosa neno. Hilo limenishtua kuliko maua.

Jumapili, 24 Machi

Sikukuu ya Matawi. Ojakol amekuja kutoka kanisani na matawi yake mkononi, uso umekunjamana. Kwake pia mwanzi umechanua. Anasema babu yao alikuwa na neno: mwanzi ukichanua, mwenye boma anaondoka.

Elungat akamuuliza, "Anaondoka kwenda wapi?"

"Watu huondoka kwenda wapi, ndugu yangu?"

Basi tukanywa chai.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka, lakini pilau imebaki sufuriani. Aguti amepiga simu kutoka Sio Port analia. Mtoto wake wa mwisho amelazwa hospitali ya misheni ya Nangina, homa imempanda. Kisha, katikati ya kilio: "Na ile mwanzi ya Toto imetoa vitu, Nerima. Vitu kama makapi. Iko hivyo hata kwenu?"

Kutoka hapa mpaka Sio Port ni mbali. Kule kuna ziwa, omena na mchanga, udongo wao si wetu, hata mvua yao si yetu. Nani ameuambia mwanzi wa Sio Port kwamba wa Adungosi umechanua?

Jumatano, 3 Aprili

Mtoto wa Aguti amepata nafuu. Mungu ni mwema. Lakini dume la kulimia la Ojakol limekufa, tumbo limevimba.

Jumamosi, 6 Aprili

Kipindi. Ua la njugu karanga likishapata mbegu huinama na kujichimbia ardhini, na njugu hukomaa humo. Yaani inachanua juu na kuzaa chini. Siku nyingine ningepiga kelele. Leo niliandika tu.

Jumanne, 9 Aprili

Nilikuwa Malaba kununua nyuzi na zipu. Mama mmoja anayevuka kila siku na ndizi kutoka upande wa pili wa mpaka anaujua ukoo wa Toto. Nikamuuliza kuhusu kile kichaka cha mama yake, kilichokuwa mama wa mianzi yetu yote.

"Eeh, nnyabo," akaniita kwa Kiganda, "kimekauka! Kilitoa maua hata kabla ya Krismasi. Na kaka ya huyo mama mkwe wako, mzee mwenye nyumba, tulimzika mwezi wa kwanza. Hamkuambiwa?"

Tuliambiwa habari za msiba. Habari za maua hatukuambiwa. Nilisimama kando ya malori na zipu zangu. Nimefanya kosa kubwa: nilimweleza Elungat, na Elungat hawezi kumficha ndugu yake kitu.

Jumapili, 14 Aprili

Imekuwa wimbo. Kwenye mashine ya kusaga, kwa bodaboda, hata saluni kwa Cindy. Mianzi yote ilitoka mkononi mwa Toto. Yote imechanua pamoja. Ndugu yake amekufa, dume limekufa, mjukuu ameponea chupuchupu. Kwa hiyo Toto anajiandaa kwenda, na hataki kwenda peke yake. Anaita watoto wake kupitia kile alichowapa.

Leo Elungat amewaambia watoto wetu, Quinton na ndugu zake, wasiende tena kumfagilia nyanya yao. Walikuwa wakienda kila Jumamosi. Akanitazama aone nitasemaje.

Nikasema ni sawa. Naandika hapa kama ilivyokuwa: nilisema ni sawa.

Ijumaa, 26 Aprili

Mvua. Mvua. Mvua.

Jumamosi, 4 Mei

Palizi. Paulinus ametufundisha habari za kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalomaliza mahindi yetu. Kumbe linanyonya mizizi ya mahindi chini kwa chini kabla hata halijachomoza, na mbegu yake ndogo kama vumbi inaweza kulala udongoni miaka mingi ikingoja mahindi yapite karibu. Ua zuri vile! Cindy alilipandaga saluni kwenye mkebe.

Nimeona kayongo kwenye mstari wa tatu na wa nne. Nimeng'oa kwa hasira. Halafu nikaendelea mpaka zizini. Chini ya mwanzi kumeota nyasi nyembamba nyingi, zimejaa kama nywele za mtoto. Nimezilima zote kwa jembe, nikafagia, nikachoma. Kwangu kumependeza. Ojakol naye amelima kwake.

Kwa Toto nimepaona kutoka mbali. Hakuna mtu anayekwenda, na mgongo wake haumruhusu kuinama. Magugu yamefika mlangoni. Mwanamke aliyenifundisha ufagio!

Jumapili, 19 Mei

Pentekoste. Toto amekaa benchi la nyuma peke yake. Watu wote waliketi mbele wakabanana.

Jumatatu, 10 Juni

Mianzi imekufa. Yetu, ya Ojakol, ya Toto. Imekauka kuanzia juu kushuka chini, na upepo ukipita inagongana na kulia. Aguti amepiga simu: hata ya Sio Port imekauka. Mume wake, Oduori, ameikata akafanya kuni, lakini hawathubutu kuziwasha.

Jumamosi, 15 Juni

Ojakol ameita kikao cha ukoo. Kitakuwa tarehe 20 Julai, mahindi yakishaingia. Wataamua Toto arudishwe kwa watu wake ng'ambo. Mama wa watoto saba, mwenye kaburi la mume wake hapa uani, arudishwe kama nguo isiyomtosha mtu!

Tena Ojakol amewachukua kuku wote wa Toto akawapeleka kwake, eti awatunze asije akasumbuka. Mkono wa mama wanauogopa. Kuku wake hawawaogopi.

Nimemwambia Elungat hivyo hivyo. Akasema, "Mama Quinton, wewe huogopi? Elezea basi. Elezea jinsi mianzi ya Sio Port ilijua."

Sikuwa na la kueleza. Hapo ndipo ninapokasirika zaidi.

Jumapili, 23 Juni

Nimekwenda. Sikumwambia mtu, nilibeba bakuli la kunde chini ya leso nikapita kando ya shamba.

Njia ya kwenda kwa Toto haipo tena, imemezwa. Nyasi zimenifika magotini mpaka chini ya ile mianzi mikavu. Nilimkuta ameketi kizingitini na ugali wa jana kwenye sahani. Nyumba yake ni safi ndani. Uani ndiko alikoshindwa.

Nilitazamia anigombeze kwa kutoonekana. Sikuwa tayari kwa alichosema.

"Nerima, pengine ni mimi."

"Toto, usiseme hivyo."

"Ngoja. Nimefikiria. Mimi ndiye nilileta hii kitu hapa. Mimi ndiye niligawa. Kama kuna ubaya ndani yake, ulipita kwa mkono yangu, hata kama sikujua. Ojakol akisema niende, nitaenda. Nimefunga mzigo." Akanionyesha. Mzigo kweli umefungwa, uko nyuma ya mlango, na sufuria yake ndogo juu. "Sitaki mtoto wa Aguti alale tena hospitali kwa ajili yangu."

Nililia. Nilishtuka kwamba ninalia, kwa sababu huyu mwanamke amenichambua miaka yote hii kama mchele. Nimekuwa nikidhani anaumia kwa kusingiziwa. Kumbe ameshajihukumu, na hakimu wake ni mkali kuliko Ojakol.

Alikula kunde zote. Kisha akasema zimezidi chumvi. Nilifurahi kusikia.

Jumatano, 26 Juni

Mahindi yanakauka vizuri. Hakuna jipya.

Jumamosi, 6 Julai

Leo tumevuna. Niandike polepole nisiharibu.

Tulikuwa shambani mimi na Elungat. Jua kali, mahindi yamesimama makavu, yanagongana kwa upepo. Nikasimama na hindi mkononi. Ile sauti naijua. Ni sauti ya mianzi. Nikatazama kishada juu ya hindi, kile kilichokuwa ua: rangi ya makapi, kimekauka. Nikatazama viungo vya bua. Nikatazama lile jani refu linaloshika bua kama mtu aliyeshika fimbo.

Nyasi! Paulinus alisema siku ya kwanza kabisa, na mimi niliandika kwa mkono wangu. Mahindi huchanua mara moja, yanazaa, yanakufa. Wimbi hivyo hivyo. Mtama hivyo hivyo. Shamba zima huchanua wiki moja na kufa pamoja, na hakuna mama anayefukuzwa. Tunaleta magunia!

Niliacha kuvuna. Nilikimbia mpaka kwa Paulinus na vumbi miguuni, nikamkuta ananyoa ndevu. Nikamuuliza kama mwanzi unaweza kuchanua mara moja ukafa.

"Ndiyo," akasema, nusu ya uso ina povu. "Kuna mianzi inakaa miaka mingi sana bila ua, halafu siku yake ikifika inachanua yote, inatoa mbegu, inakufa. Na machipukizi yaliyong'olewa kwa mama mmoja, kwa hakika ni mmea mmoja tu uliogawanywa. Umri wao ni mmoja. Hata ukiyatenganisha mbali, mara nyingi yanachanua kwa wakati mmoja."

"Katekista! Ulijua hayo?"

"Iko ukurasa wa mbele. Tungefika mwezi huu."

Mungu anisamehe, nilitamani kumpiga mtu wa kanisa na jagi la maji. Ukoo mzima unaungua, na yeye anafuata kurasa! Akaniapia kwamba hakujua shida yetu imetoka kwa mwanzi, alisikia tu mama mkwe wangu ana maneno na wanawe. Ndivyo tulivyo. Tunamsengenya mtu mpaka mashineni, lakini anayeweza kusaidia tunamfichia ya nyumbani.

Jumapili, 7 Julai

Nimemweleza Elungat. Amelichambua bua la hindi ganda kwa ganda kama siku ile ya mgomba. Mwishowe akasema, "Ojakol hatakubali maneno ya kitabu." Hakusema yeye hakubali. Nimelishika hilo.

Jumamosi, 20 Julai

Kikao. Nimechoka lakini silali kabla sijaandika.

Wazee walikaa kwa Ojakol wakizunguka chungu cha pombe ya ajon, mirija mirefu mdomoni, Mzee Eriaku wa ukoo katikati. Wanawake tulikuwa mkekani. Aguti alifika kutoka Sio Port amembeba yule mtoto, mzima, anatafuna muwa. Toto alikaa pembeni peke yake. Alikuja na mzigo wake. Kuuona ule mzigo kando ya mguu wake, Elungat aliinamisha kichwa.

Ojakol alisema yake. Sitamdhulumu: hakusema kwa chuki. "Mama yangu nampenda. Lakini nina watoto. Nimefiwa na dume, mjomba amekufa, mtoto wa dada yangu alikuwa anaenda. Mnataka ningoje nani tena?"

Mzee Eriaku akauliza kama kuna mwenye neno. Mke hasimami mbele ya wazee wa ukoo wa mumewe, hasa Mmarachi aliyekuja juzi juzi. Nikasimama. Mkeka wote ukaguna.

"Wazee, naomba radhi. Mnakunywa nini?"

Mzee Eriaku akatoa mrija mdomoni. "Binti, unatuuliza tunakunywa nini?"

"Ndiyo, mzee."

"Ajon."

"Ya nini?"

"Ya wimbi! Ni nini mbaya na huyu mtoto?"

"Hiyo wimbi ilichanua, mzee. Shamba lote pamoja. Halafu ikafa, shamba lote pamoja. Mlimfukuza nani?"

Hata mtoto wa Aguti aliacha muwa. Nikaendelea kabla woga haujanipata. Nikasema mwanzi ni nyasi, ndugu ya wimbi na mahindi, ila wimbi hukomaa kwa msimu mmoja, na mwanzi hukomaa kwa umri wa mtu. Nikasema chipukizi la kwa Ojakol na la Sio Port na lile la Tororo ni mmea mmoja uliokatwa vipande, na vyote vilikuwa vinahesabu siku moja. "Toto hakuita mtu. Alipanda, ikakomaa. Nyinyi ni watu wa kwanza kuishi mpaka mavuno yake!"

Cindy, ambaye hakualikwa, akapiga makofi kutoka kwenye ua. "Waambie, dada!"

Wazee waliangaliana. Niliona Mzee Eriaku anataka kuamini. Lakini Ojakol si mjinga, na swali aliloniuliza sikulitarajia.

"Shemeji, nimekusikia. Kitu ikichanua na kukauka kama wimbi, inaacha mbegu. Mbegu inaota. Mvua imenyesha tangu mwezi wa tatu. Kwangu hakuna kilichoota. Kwako kuna nini? Nionyeshe mtoto mmoja wa hiyo mwanzi."

Kwangu! Kwangu ni kweupe, ninapafagia kila asubuhi. Na papo hapo nikaziona tena zile nyasi nyembamba za mwezi wa tano, zimejaa kama nywele za mtoto, na jembe langu, na moto wangu. Nilikuwa nimewalima. Kila mmoja. Na Ojakol amewalima wake, na Aguti akasema kwa sauti ndogo, "Mimi pia nilifagia. Kuku wakamaliza zilizobaki." Tulifagia kwa sababu Toto alitufundisha kufagia.

Ojakol akakaa. "Basi."

Toto akainuka, akachukua mzigo wake.

Hapo nikapiga kelele, sijui kama ni Kiswahili au Kimarachi. Nikakimbia. Nilisikia watu wakinifuata, Elungat akiniita, Mzee Eriaku akisema nisaidiwe maana nimerukwa na akili. Nilikimbilia kwa Toto. Kule hakuna aliyefagia. Watoto tuliwakataza. Ng'ombe hawakupelekwa. Kuku walikwisha kuchukuliwa. Hakuna jembe lililogusa chini ya ile mianzi tangu Aprili.

Nilipiga magoti nikatenganisha magugu. Nyasi nyembamba za kijani, zimejaa kote kule, kimo cha goti. Nikashika moja, nikaifuata kwa kidole mpaka chini. Ilikuwa ngumu. Ina viungo. Nikaitikisa taratibu, ikatoka na mzizi, na kwenye mzizi bado limeshika ganda la mbegu, kama punje ya mpunga.

Nilimnyooshea Ojakol. Aliitazama akaigeuza. Alikwaruza ganda kwa ukucha. Kisha mtu mzima, mwenyekiti wa bodaboda, anayeogopwa mpaka stendi ya Amagoro, akaanguka kwa magoti kwenye magugu ya mama yake na kuanza kulia kwa sauti.

Toto alifika wa mwisho, kwa fimbo. Walimpisha njia. Alitazama chini. Nilidhani atalia. Akaona mkono wa Ojakol umeanza kuchimba mche mwingine, akampiga mkononi na fimbo.

"Wacha! Bado ni wachanga. Ngojeni mvua ya pili."

Mzee Eriaku akasema kikao kimekwisha, kila mtu aende nyumbani kwake, na Apeduno yuko nyumbani kwake. Watu wakashangilia. Toto akauweka mzigo begani.

"Mimi naenda," akasema.

Elungat akasema, "Toto, lakini umesikia. Si wewe."

"Nimesikia. Masikio yangu ni mazima. Nimesikia tangu mwezi wa nne." Akatutazama mmoja mmoja, na zamu yangu ilipofika hakuniruka. "Mlihitaji nyasi iwaambie."

Niliinama, nikaanza kukusanya magugu yaliyoangukia njia ili apite vizuri, maana sikujua mikono yangu niipeleke wapi. Nikavuta shungi moja.

"Nerima! Unang'oa nini hapo?"

Nilitazama. Yalikuwa magugu mawili na mche mmoja wa mwanzi.

Toto akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyekuta watoto wamemwaga maziwa. Akautua mzigo. "Nikienda wiki moja mtakuwa mmemaliza yote," alisema. Akaingia ndani akafunga mlango.

Jumapili, 21 Julai

Mzigo haujafunguliwa. Nimechungulia.

Jumatano, 24 Julai

Ojakol amerudisha kuku, pamoja na jogoo wake mwenyewe. Toto amewafungia kwenye tenga mpaka miche ikomae. Hajasema naye bado.

Jumapili, 4 Agosti

Jumapili ya Mavuno. Tumekuwa wa pili. Mwanzi uliulizwa, na nilijibu mpaka Paulinus akanionyesha saa. Kilichotuangusha ni nyanya. Cindy alisema mboga. Kumbe nyanya ni tunda! Nimeikaanga maisha yangu yote.

Jumamosi, 10 Agosti

Leo Toto amekuja kwangu mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu kikao. Macho yake hayakuanzia chini. Alisimama hapo mlangoni akauliza, "Watoto wako wapi? Jumamosi si siku yao?"

Nikawaita haraka. Walitoka mbio kwa furaha, na Quinton, kama alivyozoeshwa, akachukua ufagio.

"Huo acheni hapa," Toto alisema. "Kujeni hivyo tu."